Mjadala: Pesa ya umma iingie kwenye utafiti wa kugeuza joto kuwa umeme?

Mleta mada (Sinza):
Wakuu, hoja yangu ni kwamba vyuo vyetu hapa Dar vitengewe fungu la kutafiti vifaa vya kugeuza joto kuwa umeme.

Pita Kariakoo umeme ukiwa umekatika. Jenereta zinaunguruma milangoni, na bomba la moshi huwezi kuligusa. Petroli nyingi inaishia kwenye joto lile. Sasa kuna kibamba cheupe cha kauri, upana wa sentimita 4, kina waya mwekundu na mweusi. Ndicho kinachopoza maji kwenye mashine ndogo za maji za maofisini. Kipashe moto upande mmoja, mwingine ubaki baridi, kinatoa umeme. Mwanafizikia Mjerumani, Seebeck, aliligundua jambo hili mwaka 1821.

Tatizo ni kwamba joto linapenya upande wa pili, na umeme unapungua. Inatakiwa kitu kinachopitisha umeme na kuzuia joto, na hakipatikani kirahisi: shaba inapitisha vyote viwili. Hapa ndipo penye utamu. Ndani ya fuwele za vibamba hivi, yaani vitu vigumu ambavyo atomi zake zimejipanga kwa safu, joto jingi husafiri kama mtikisiko, atomi moja ikiitikisa jirani yake. Pandikiza atomi ngeni, zenye uzito tofauti na wenzake, mtikisiko unatawanyika ilhali elektroni nyingi, ambazo ndizo zinazobeba umeme, zinapita. Silikoni tupu hupitisha joto wati 150 hivi kwa mita kwa kila digrii. Ikichanganywa na jerimaniamu hushuka chini ya 10. Mchanganyiko huo ndio unaovipa umeme vyombo vya anga za juu vya Voyager tangu 1977.

Mchangiaji (Tabata):
Mkuu, heshima yako, ila sikubaliani. Vibamba hivyo vinageuza kama asilimia 5 tu ya joto. Kwenye kituo cha umeme cha Kinyerezi II wanachukua joto la moshi wa mitambo ya gesi, wanachemsha maji, mvuke unazungusha mtambo mwingine. Na bwawa la Mwalimu Nyerere lina megawati 2,115. Kinachotutesa mtaani ni transfoma na nguzo. Fungu liende huko.

Mleta mada:
Kwa mitambo mikubwa mvuke hauna mpinzani, na transfoma zibadilishwe hata kesho. Lakini mvuke utaufungaje kwenye jenereta ya duka, au jiko la mkaa? Hiyo asilimia 5 ndiyo inayotafutiwa dawa, na kuanza hakuhitaji kiwanda. Tanuri ya maabara, mizani ya uhakika, na vipimo vya joto na umeme unaopita kwenye sampuli. Mwanafunzi anachanganya, anapima, anaongeza atomi ngeni kidogo, anapima tena, maana zikizidi hata elektroni zinakwama. Bila watu wa namna hiyo tutaendelea kununua vibamba bila kujua kipi kizima.

Walioko vyuoni watuambie: vipimo hivyo vipo? Na kama vipo, mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaruhusiwa kuvigusa?