Kidole cha mzee hakisomi, nanyi mnamwambia abonyeze kwa nguvu!

Wakuu, salaam. Hili limefika shingoni na lazima lisemwe.

Tangu Mei 2019 laini ya simu Tanzania inasajiliwa kwa namba ya NIDA (namba ya kitambulisho cha taifa) na alama ya kidole. Sawa, utaratibu ni utaratibu. Lakini nendeni mkasimame kwenye mwavuli wa wakala mwone mzee wa miaka 75 anavyofanyiwa. Kidole kinawekwa, mashine inakataa. Kinawekwa tena, inakataa. Kijana anaushika mkono wa mtu mzima na kuukandamiza kwenye kioo kama anapiga muhuri: "Bonyeza kwa nguvu, mzee!" Mara ya sita anaambiwa arudi kesho, tena aje na mjukuu.

Kubonyeza kwa nguvu ndiko kunakoharibu! Mashine inasoma vijituta na vijifereji vya ngozi. Ngozi ya mzee imekauka, imelegea, vijituta vimeshuka. Ukikandamiza, hata vile vichache vilivyobaki vinalala na mashine inaona doa tupu. Na mikono hiyo imefanya kazi: jembe, saruji, kukata mkonge Tanga, kusokota kamba za usumba huko pwani. Imesuguliwa miaka 50. Kumwambia mwenyewe usoni kwamba vidole vyake "vibovu" ni kukosa adabu.

Dawa yake haifiki dakika tano. Mikono ioshwe kwa maji ya uvuguvugu, ikaushwe kwa kitambaa laini. Ngozi ikiwa bado kavu, tone dogo la mafuta ya kujipaka lisuguliwe kidoleni kisha lifutwe kabisa, ubaki ulaini tu. Mafuta yakizidi yanajaa kwenye vijifereji na kuchafua kioo. Kioo nacho kifutwe kila baada ya mtu, maana alama ya aliyetangulia inabaki pale. Kidole kilazwe bapa, iguse nyama ya kidole na siyo ncha, kitulie bila kusukumwa. Gumba likikataa, jaribuni vingine, na mkono wa pili pia. Halafu hamisheni meza! Mashine nyingi zinasoma kwa mwanga, na jua likipiga kioo moja kwa moja hata kidole cha kijana wa miaka 20 kinaweza kukataliwa.

Na hapo kwenye "rudia tena" ndipo wizi unapoingia. Kidole kimeshasoma, mzee anaambiwa bado, anaweka tena, na mara hiyo ya pili inasajiliwa laini nyingine kwa jina lake, inauzwa kwa tapeli. Laini za namna hiyo ndizo zinazotutumia meseji za "ile hela itume kwenye namba hii". Ikifuatiliwa, jina linalotokea ni la bibi wa watu asiyejua lolote.

Sasa hilo la "njoo na mjukuu". Mnajua maana yake? Namba ya siri ya pesa za simu inakuwa ya ukoo mzima. Wengine wanaiandika kwenye karatasi na kuibandika nyuma ya betri, wengine wanamtajia wakala kwa sauti watu wakiwa kwenye foleni. Wengi wanaweka mwaka wa kuzaliwa ili wasisahau, wakati namba ya NIDA ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na tarehe ya kuzaliwa. Kila anayeiandika namba hiyo kwenye daftari ameshaona 1951 ya mzee. Hakuna anayewaambia hili dirishani. Hakuna!

Menyu za pesa nazo. Mwenye kitochi, simu ndogo ya vitufe, avae miwani, atafute kitufe, akichelewa kujibu menyu inakatika na kuanza upya. Wazee wengi hawaisomi, wameikariri kama njia ya kisimani: moja, nne, moja. Siku ninyi kampuni za simu mnapochomeka mkopo au bando katikati ya orodha, namba zinasogea, na mtu anabonyeza asichokitaka. Kipya kiwekwe mwisho wa orodha. Kiasi kionyeshwe kwa alama ya mkato, 10,000 na 100,000, kwa sababu kwenye kioo kidogo sifuri tano na sifuri nne ni kitu kimoja kwa jicho lenye mtoto wa jicho. Jina la anayepokea liwe mstari wa kwanza, kabla ya neno lingine lolote. Hayo hayahitaji mtambo mpya, yanahitaji mtu aliyekaa na mzee nusu saa akamtazama anavyobonyeza.

Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, na mwenye miaka 60 ni mzee kwa mujibu wake. Kwa hiyo msituambie kundi hili limewashtukiza. Na msiseme wazee hawataki kujifunza. Wanajifunza, mnabadilisha, wanajifunza tena, mnabadilisha tena, bila hata karatasi ya maelezo kwa herufi kubwa.

Mawakala mnaosoma hapa, anzeni na hili leo hii. Kila mzee mnayemsajili, kabla hajainuka kwenye kiti, bonyezeni *106# kwenye simu yake yeye mwenyewe akiona, mumsomee laini zilizosajiliwa kwa jina lake, moja moja, na mumuulize kila moja kama ni yake.