Ligi ya boksi ya skwoshi: nani anapanga mechi, pointi zinahesabiwaje, na bila refa mnaamuaje?

mgeni_wa_korti
Wakuu habari zenu. Klabu yetu hapa Dar imebandika fomu ya ligi ya boksi ya skwoshi na hata wanaoanza wanakaribishwa. Tangazo nimelisoma mara mbili na bado giza. Hakuna ratiba, hakuna refa, kuna "boksi 1 hadi 7" na mstari mmoja unaosema "wawili wanapanda, wawili wanashuka". Nani anapanga mechi? Mtu asipotokea inakuwaje? Tukibishana ndani ya korti nani mwamuzi? Halafu wameandika mpira wa nukta mbili za njano, ni lazima huo?

raketi_kuukuu
Karibu mkuu. Ratiba haipo kwa sababu mnaipanga wenyewe.

Wachezaji wote wanapangwa kwa uwezo, kisha wanagawanywa makundi ya watu watano au sita. Kila kundi ndilo boksi. Boksi 1 ni la wakali, la mwisho ni la wanaoanza. Raundi moja huchukua wiki nne hadi sita, na ndani ya muda huo unacheza na kila mtu wa boksi lako mara moja. Boksi la watano lina mechi kumi, nne kwa kila mtu. La sita lina kumi na tano, tano kwa kila mtu. Raundi ikifungwa, wawili wa juu wanapanda, wawili wa chini wanashuka. Sasa angalia: kwenye boksi la watano anayebaki pale pale ni mmoja tu, yule wa tatu. Kwa hiyo kushuka si aibu, watu wanapanda na kushuka kila raundi kama ngazi ya mnazi.

Pointi kila klabu ina hesabu yake, ila mfumo wa kawaida unafanana na huu: pointi 1 kwa kucheza tu, pointi 1 kwa kila gemu unaloshinda, na 2 za nyongeza kwa mshindi wa mechi. Mechi ni gemu tatu kati ya tano. Kwa hiyo ushindi wowote ni pointi 6, na aliyefungwa anapata 1, 2 au 3 kutegemea amechukua gemu ngapi.

Hapo ndipo wageni wanapokosea. Aliyefungwa mechi zote nne kwa 3-2 ana pointi 12. Aliyeshinda mechi mbili kwa 3-0 halafu akaziacha mbili bila kucheza naye ana 12. Ligi ya boksi inamlipa anayecheza. Gemu la tano ukiwa nyuma 8-2 bado lipiganie, lakini la nne ukiwa nyuma kwa magemu 2-1 ndilo la kufa nalo, maana pale kuna pointi yako nzima na ndilo linalokuweka hai kwenye mechi.

Wakilingana pointi, kwanza inaangaliwa mechi yao wenyewe, kisha tofauti ya gemu. Ndiyo maana matokeo yanaandikwa kamili, "3-1: 11-7, 9-11, 11-4, 12-10", siyo "nimemfunga".

mratibu_wa_zamu
Naongezea upande wa kupanga mechi, kwa sababu ligi nyingi hufia hapo na wala si uwanjani.

Siku raundi inapotangazwa, tuma ujumbe kwa wote wa boksi lako siku hiyo hiyo. Usiandike "tucheze lini?" Hilo swali litajibiwa "wiki ijayo" mpaka mwezi uishe. Toa siku tatu na useme nani anaweka nafasi ya korti:

"Habari za leo kaka, tuko boksi 7 pamoja. Naweza Jumanne 18:00, Alhamisi 19:00 au Jumamosi 08:00. Ipi inakufaa? Korti naibuku mimi, mpira ninao."

Umeona saa nimeziandika vipi? Usiandike "saa moja" peke yake. Mfumo wa kubuku wa klabu unasoma 7:00 pm, mwingine kwenye boksi ni mgeni anayehesabu kwa saa za Kizungu, basi "saa saba" kwake ni jioni na kwako ni mchana. Mechi kibao zimekuwa za mezani kwa sababu hiyo tu.

Wiki mbili za kwanza cheza angalau nusu ya mechi zako. Wiki ya mwisho korti zinajaa, kila mtu amekumbuka. Anayekuja kuomba nafasi siku mbili kabla ya raundi kufungwa anakuta imebaki saa tisa mchana ya Jumatano.

Kuhusu asiyetokea: ligi nyingi huweka dakika 10 au 15 za kusubiri, kisha ni ushindi wa mezani. Soma kanuni zenu kama wa mezani unahesabiwa 3-0 kamili au unapunguziwa. Mechi isiyochezwa kabisa huwa ni sifuri kwa wote wawili, ndiyo maana ule ujumbe wa mwanzo ni ushahidi wako. Mratibu akiona ulitoa siku tatu na mwenzako akanyamaza, ana pa kuanzia. Ukiumia au ukisafiri, mwambie mratibu kabla ya raundi kuanza ili usipangwe. Kujitoa katikati kunaharibu hesabu ya watu wanne wengine.

Na kitu kimoja cha vilabu vyetu: korti nyingi za huku ziko ndani ya vilabu vya wanachama, za aina ya Gymkhana ya Dar au Mombasa Sports Club. Kama ligi inaruhusu wasio wanachama, uliza ada ya mgeni ni nani anailipa na nani anakusainia mlangoni. Ulizeni hilo kabla ya siku ya mechi.

mgeni_wa_korti
Nimekupata vizuri. Sasa nafasi ya korti yetu ni dakika 45. Tukiwa 2-2 na watu wanagonga mlango?

mratibu_wa_zamu
Mechi ya gemu tano ya watu wanaolingana inaweza kufika saa nzima. Ukijua mpinzani ni saizi yako, buku nafasi mbili mfululizo. La sivyo kubalianeni kabla ya kuanza, na mtumie kanuni yenu iliyoandikwa: kuna ligi zinahesabu magemu yaliyokwisha tu, nyingine mnarudi siku nyingine kumalizia kutoka pale pale. Kuanza kuulizana mkiwa 2-2 na jasho linachuruzika ni kutafuta ugomvi.

kona_ya_nyuma
Kuhusu kucheza bila refa.

Anza kwa kuzungusha raketi, aliyepatia anaanzisha na kuchagua upande. Gemu ni hadi 11, kila mpigano una pointi yake hata kama si wewe uliyeanzisha. Mkifika 10-10 mnaendelea mpaka mmoja atangulie kwa mbili. Wazee wa klabu bado wana mfumo wa 9, pointi kwa anayeanzisha tu. Ukicheza nao, ulizeni kwanza.

Anayeanzisha hutaja matokeo kwa sauti kabla ya kupiga, namba yake mbele. Ukiwa na 5, mwenzako 7, unasema "tano saba". Hii peke yake inaondoa nusu ya mabishano, kwa sababu kosa la hesabu linagundulika papo hapo, siyo baada ya pointi sita.

Kuanzisha: mguu mmoja lazima uwe chini ndani ya kisanduku bila kugusa mstari. Mpira upige ukuta wa mbele juu ya mstari wa katikati na chini ya ule wa juu, uangukie robo ya upande wa pili. Hakuna nafasi ya pili kama tenisi. Ukikosea, pointi imekwenda.

Sasa leti (kurudia pointi) na stroki (pointi kwa aliyezuiwa). Mpigaji ana haki nne: kuuona mpira, kuufikia moja kwa moja, nafasi ya kuzungusha raketi, na kuupiga popote kwenye ukuta wa mbele. Mwenzako akiwa njiani, simama, inua mkono, sema "leti". Kisha mjiulize hivi:

Ungeufikia mpira? Kama hapana, hakuna leti, umepoteza. Kama ndiyo, na mwenzako alikuwa anajitahidi kupisha, rudieni. Kama mpira wako ulikuwa unakwenda moja kwa moja ukuta wa mbele na yeye yuko katikati ya njia, au amebana mkono wako usizungushe, ni stroki, pointi yako. Mfano unaotokea kila siku: mpinzani anapiga mpira unadunda katikati ya korti, yeye yuko mbele yako hatua mbili. Hapo ni stroki bila mjadala, na yeye mwenyewe ndiye anatakiwa aseme.

Mpira ukikupita nyuma ukazunguka nao kufuata ukuta, usipige. Umempoteza mwenzako machoni. Simama uombe leti.

Na uaminifu: mpira ukidunda mara mbili kabla hujaufikia, au ukigusa bati (ule ukanda wa chini wa ukuta wa mbele), unasema mwenyewe. Mkishindwa kukubaliana kabisa, rudieni pointi. Kwenye ligi ya timu ni tofauti, pale aliyemaliza kucheza huwekwa kuwa refa wa mechi inayofuata.

Pwani_skwoshi
Nipo Mombasa, hebu nizungumzie mpira, maana hapo juu limerukwa.

Nukta mbili za njano ndio mpira unaodunda kidogo kuliko mingine ya kawaida. Nukta moja ya njano unadunda zaidi, nyekundu zaidi tena na ni mkubwa kidogo, bluu ni wa kujifunzia. Mpira ni mpira wa kweli ukiwa na joto. Vipimo vya kimataifa hupima mdundo kwa nyuzi 23 na nyuzi 45 za Selsiasi, na tofauti yake ni kubwa. Watu wa boksi la mwisho hawapigi kwa nguvu ya kutosha kuuweka moto, kwa hiyo wakichukua nukta mbili unawafia mikononi: mipigo mitatu, kona, kwisha. Kama kanuni inaruhusu, kubalianeni nukta moja.

Ila hali ya hewa nayo ina neno lake. Pwani joto linausaidia mpira. Nairobi iko juu kama mita 1,700, hewa nyepesi haiupunguzii kasi, na hewa iliyofungwa ndani ya mpira inasukuma zaidi kwa kuwa ya nje ni hafifu. Nukta moja kule unaruka kama wa tenisi.

raketi_kuukuu
Hapa natofautiana kidogo na wa Pwani. Dar ina joto, na ukimzoesha mgeni nukta moja atapanda boksi mbili halafu aanze kujifunza upya. Afadhali mupashe mpira sawasawa: dakika nne au tano, pigeni kwa nguvu kwenye ukuta wa mbele kwa zamu, mbadilishane upande katikati. Ukiushika unatakiwa uwe vuguvugu kiganjani. Ukiwa baridi mkaanza, gemu la kwanza lote ni la bahati.

Pwani_skwoshi
Sawa mzee, lakini boksi 7 siyo boksi 3. Waache wapate mipigo kumi kwanza.

Pia kagueni mpira kabla. Umetengenezwa kwa vipande viwili vilivyogundishwa, na unapasukia kwenye mshono. Uminye karibu na sikio; ukisikia unapumua, tupa. Ukipasuka katikati ya mpigano, pointi inarudiwa. Mpira uliong'aa kwa uzee unateleza ukutani badala ya kushika. Msimu wa masika huku kuta zenyewe hutoka jasho kwenye korti zisizo na kiyoyozi. Bebeni taulo mbili, moja ya mwili na moja ya sakafu.

kona_ya_nyuma
Vifaa kwa ufupi. Viatu vya soli isiyoacha alama, tena vya ndani. Viatu vya kukimbilia barabarani vina soli nene, ukigeuka ghafla kifundo cha mguu kinapinda. Miwani ya kinga yenye lenzi za polikaboneti: mpira una kipenyo cha milimita 40, unaingia kwenye tundu la jicho, tofauti na wa tenisi unaozuiwa na mfupa. Miwani ya kusomea si kinga, inavunjikia machoni.

Na ukiwatazama wataalamu wa PSA (chama cha wachezaji wa kulipwa) mtandaoni ukataka kuiga vile vimipira vyao vya kudondosha mbele, kumbuka bati lao lina sentimita 43, la klabu yenu bila shaka ni 48. Hizo tano ndizo zitakazokumaliza. Lenga juu kidogo.

mgeni_wa_korti
Ahsanteni sana. La mwisho: fomu inauliza nianzie boksi gani. Niandike 7 nisijiabishe?

mratibu_wa_zamu
Usijishushe. Kutoka boksi 7 hadi 1 ukipanda kila raundi ni raundi sita, na raundi ya wiki tano ni kama miezi saba. Mchezaji mzuri aliyejificha chini anaharibia watu wanne raundi nzima, kila mechi 3-0 za dakika kumi na tano. Mwambie mratibu ukweli: umecheza muda gani, na nani, matokeo yalikuwaje. Wengi watakuita upige mipira dakika kumi na mtu wa boksi la katikati ndipo wakuweke. Kwenye fomu andika namba ya WhatsApp unayoifungua kila siku, siyo ile ya pili ya bando.