Mjadala: Je, wenye usonji wathaminiwe kwa sababu sayansi inawahitaji?

MLETA MADA

Wakuu, tuijadili hii bila jazba. Siku hizi inasikika sana hoja kwamba usonji (autism, tofauti katika namna ubongo unavyokua na kufanya kazi) si wa kuonewa huruma, kwa kuwa sifa zake (kuzama kwenye jambo moja, kunasa kasoro ndogo, kutofuata mkumbo) ndizo zinazoisukuma sayansi mbele. Wapinzani wanasema huko ni kujifariji. Msimamo wangu: hoja hiyo ina ukweli mwingi kuliko wapinzani wanavyokiri, ila ni msingi mbovu wa kujengea haki ya mtu.

Mtazameni Temple Grandin, mwenye usonji na profesa wa sayansi ya mifugo huko Marekani, aliyechelewa sana kusema utotoni. Ng'ombe walipogoma, wafanyakazi waliwaswaga kwa fimbo za umeme wakidhani ni ukaidi. Yeye aliingia kwenye kichochoro wanachopitishwa, akainama usawa wa macho yao na kutazama. Mnyororo unaoning'inia, koti lililotundikwa uzioni, kivuli kinachokatiza sakafuni. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vikiwatisha, na watu walivipita kila siku.

Ninayemkubali zaidi ni Michelle Dawson wa Montreal, Kanada, naye mwenye usonji. Alikuwa mfanyakazi wa posta kabla ya kuwa mtafiti pamoja na Laurent Mottron, daktari wa akili. Mottron ameeleza kwamba yeye huanza na wazo, kisha akalitafutia data. Dawson hurundika data kwanza, na wazo halikubali mpaka data zimemlazimisha. Mwaka 2007 timu yao ilionyesha kwamba watoto wenye usonji walioonekana wazito kwenye kipimo cha akili cha Wechsler, chenye maswali mengi ya kujibu kwa mdomo, walipopewa kile cha Raven cha kukamilisha michoro walipanda kwa wastani takriban nafasi 30 katika ngazi ya 100. Kumbe sehemu ya "uzito" ule ilikuwa ya kipimo. (Wanaodai kina Newton na Einstein walikuwa na usonji, naomba mniachie. Maiti haipimwi usonji.)

Sasa ubovu wa msingi. Hans Asperger, daktari wa watoto wa Vienna, aliyeandika mwaka 1944 kuhusu watoto aliowaona kama maprofesa wadogo, alisifiwa kwa miaka mingi kwamba aliwakinga dhidi ya Wanazi kwa kuonyesha vipaji vyao. Mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alichapisha nyaraka zinazoonyesha kwamba Asperger huyo huyo alishiriki kupeleka watoto wenye ulemavu mkubwa Am Spiegelgrund, kituo ambako karibu watoto 800 walikufa. Mwenye faida abaki, asiye na faida aende. Ukishakubali mizani hiyo, huchagui tena nani atapimwa juu yake.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mleta mada, umegusa penyewe. Mwanangu ana miaka 14, hasemi, na akizidiwa na kelele anajing'ata mkono mpaka unavimba. Kila nikitaja usonji naulizwa, "Ana kipaji gani?" Hana. Anapenda kufungua bomba na kutazama maji, basi. Mwaka 2023 CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, ilitoa hesabu: kati ya watoto wa miaka 8 wenye usonji, karibu asilimia 27 wana ule mzito, wa kutosema au wenye ulemavu mkubwa wa akili. Mnapowasifu maprofesa, hawa mnawaweka wapi?

MCHANGIAJI WA PILI

Pole, dada, na hongera kwa malezi. Mimi nina usonji na ni mwandishi wa programu. Kosa kwenye msimbo naliona, usaili ndio unaniangusha, maana wanapima namna ninavyowatazama machoni. Uingereza, takwimu za serikali za mwaka 2020 zilionyesha wenye usonji walio kazini ni asilimia 22 tu. Denmark kuna kampuni, Specialisterne, iliyoanzishwa 2004 na baba wa mtoto mwenye usonji. Waombaji walipewa roboti za Lego wazijenge huku wakitazamwa wanavyofanya kazi. Siombi kusifiwa kipaji, naomba nipimwe kwa kazi yenyewe.

MLETA MADA

Mkuu, hapo tuko pamoja, ila dawa yako inawafikia wanaoweza kufika kwenye usaili. Kwa kijana wa dada hapo juu, linalobaki ni pesa. Uingereza na Marekani, sehemu kubwa ya fedha za utafiti wa usonji imekuwa ikienda kwenye jeni na ubongo, na kiasi kidogo sana kwenye huduma za kila siku na maisha ya utu uzima. Mimi nasema igeuzwe: kwanza njia za kuwasiliana kwa wasiosema, na nani atawalea vijana hao wazazi wao wakizeeka. Anayepinga alete hoja.