Wauza klorini ya mabwawa Mbeya mnatuuzia unga uliokufa, tena mnauweka pembeni ya mbolea na petroli. Inatosha sasa!

Wakuu habari za majukumu. Leo nimekuja na hasira na naomba mnivumilie, maana hili jambo limenikaa kooni muda mrefu, nimeenda dukani nimeongea nao kistaarabu wakanichukulia poa, kwahiyo nalileta hapa ili wenye lodge, wenye mabwawa majumbani na vijana wanaoyahudumia kuanzia Tunduma mpaka Iringa wajue wanauziwa nini.

Kazi yangu ni maji ya mabwawa ya kuogelea. Dawa ambayo wengi tunatumia huku ni ule unga mweupe wa chengachenga, kalisiamu haipokloraiti, ambao ukiwa mzima una klorini asilimia 65 mpaka 70. Unapanda na lori kutoka Dar ukiwa kwenye ndoo au pipa lililofungwa kiwandani, lebo ipo, tarehe ipo, maelekezo yapo. Ukishafika kwa hawa jamaa ndo uharibifu unaanza. Pipa linafunguliwa, mtu anachota na kopo la bati, anapima kilo moja moja kwenye vimfuko vya nailoni, anapiga fundo anapanga dirishani jua linapiga siku nzima. Lebo hakuna. Tarehe hakuna. Ukimuuliza ni asilimia ngapi anakujibu "hiyo kali sana kaka, we chukua tu". Na lile pipa linabaki limefunikwa nusunusu hivyohivyo masika yote mpaka mzigo uishe!

Jamani klorini sio chumvi ya mawe. Huo unga ukikaa wazi unavuta unyevu wa hewani, unashikana mabonge na unaachia klorini kidogo kidogo. Ile harufu kali mnayoisikia mkiingia dukani mkasema dawa ya hapa kali kweli, hiyo ndo klorini mliyoilipia inaondoka. Angalia misumari, mizani na mabati yaliyo karibu na lile pipa, yote yameliwa na kutu, hiyo inatosha kukuonyesha nguvu imeenda wapi.

Sasa hasara inamwangukia nani? Kuna lodge moja nahudumia, walikuwa na harusi wikendi, nikapiga dawa jioni kwa kipimo kilekile cha siku zote, asubuhi napima klorini hakuna kabisa na maji yameanza ukijani. Bosi akaniambia mbele ya wafanyakazi wenzangu kwamba naiba dawa nauza. Hiyo kauli bado inaniuma. Na hesabu iko wazi kabisa, bwawa la lita 50,000 ukitaka kupandisha klorini miligramu 3 kwa lita unahitaji gramu 150 za klorini yenyewe, kwa unga wa asilimia 65 hiyo ni kama gramu 230. Unga ukiwa umeshuka mpaka asilimia 30 unahitaji nusu kilo kwa kazi ileile. Mtu asiyejua atamwaga gramu 230 akaenda kulala akijua watoto wataogelea maji salama kesho yake. Na anayejua akiamua kuongeza, basi anajaza chokaa bwawani, maji yanakuwa kama yametiwa maziwa na mchujio unaziba, maana klorini ndo imeondoka ila kalisiamu imebaki palepale.

Tena hiyo ya unga kufa ina nafuu yake. Kinachonitoa usingizi ni wanapouweka.

Nyie mnajua mikoa yetu hii ni ya kilimo, duka linalouza dawa za maji mara nyingi ndo hilohilo la pembejeo. Nimeingia duka moja maeneo ya Mwanjelwa, jina silitaji, nikakuta mifuko ya klorini imelala juu ya mifuko ya mbolea za CAN na urea, chini pembeni kuna dumu la petroli ya jenereta. Mbolea zenye amonia na urea zikikutana na klorini kukiwa na unyevu zinatengeneza gesi za sumu na kitu kinaitwa naitrojeni trikloraidi, ambacho kinalipuka. Petroli, dizeli, oili, rangi, hata sukari na maranda, huo unga ukigusana navyo unaweza kuwaka wenyewe bila kiberiti, ukidondoshewa brake fluid ndo kabisa, unakaa kidogo kisha moto. Nilipomwambia mwenye duka akasema "mzee hiyo ni dawa ya maji tu, haina shida". Haina shida! Duka lina frem za wenzake kulia na kushoto, juu wanaishi watu.

Halafu lile kopo. Kopo hilohilo analochotea unga ndo anachotea vile vidonge vilivyovunjika. Vidonge vingi vya mabwawa ni klorini ya aina nyingine kabisa, trikloro, yenye klorini asilimia 90 hivi, na hizi mbili zikichanganyika hasa zikiwa na unyevunyevu zinatoa gesi na zinaweza kulipuka. Zote kuitwa klorini haimaanishi zinakaa pamoja. Kila moja na kopo lake, la plastiki, kavu. Na ile asidi ya kushusha pH (kipimo cha uasidi wa maji) isikae hata chumba kimoja nazo, maana asidi ikikutana na klorini inatoa gesi ya klorini palepale, na hiyo gesi ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini, mtu aliyeinama stoo kuokota kitu ndo anaivuta kwanza.

Atakayesema nakuza mambo aangalie kilichotokea Marekani tarehe 29 Septemba 2024, mji wa Conyers jimbo la Georgia. Ghala la kemikali za mabwawa, lenye mitambo na wataalamu, kwa maelezo ya awali ya maafisa wa kule mfumo wa maji ya kuzimia moto ulileta hitilafu ukalowesha kemikali, kukawaka moto na wingu la gesi, watu kama 17,000 wakaambiwa wahame na wengine wengi wakaambiwa wajifungie ndani. Maji tu yaliyoingia mahali pasipotakiwa. Sasa mabati ya stoo zetu yanavyovuja mwezi wa tatu mnayajua wenyewe.

Na wenye lodge msinyamaze mkafikiri uzi huu ni wa wauza duka peke yao. Nimeona klorini imewekwa chini ya ngazi pamoja na mtungi wa gesi ya jikoni. Nimeona imewekwa kwenye chumba cha pampu, pampu inapata joto, sakafu imelowa, na waya wa umeme unaruka cheche. Hicho kitu kinataka stoo yake kavu yenye matundu ya hewa, isiyopigwa jua, ndoo yake ya plastiki yenye mfuniko uliokazwa, iinuliwe juu ya ubao isikae kwenye sementi, vimiminika viwe chini na unga juu ili kikivuja kisidondokee unga. Mlango ufungwe na watoto wasifike. Ukitaka kuyeyusha, unga ndo unawekwa kwenye maji mengi, usimwage maji kwenye unga. Na ule mtungi wa kuzimia moto wa poda mlioninginiza mlangoni, kwenye moto wa klorini usiutumie, poda yake mara nyingi ina chumvi za amonia. Hapo ni maji mengi sana kutoka mbali, na kama hayapo toka mbio ita zimamoto.

Kinachoniudhi zaidi ni lile jibu la "Mbeya kuna baridi, haiharibiki". Kweli baridi inatusaidia, hasa kwenye klorini ya maji, ile ya kwenye madumu. Joto likipanda nyuzi 10 ile inaoza mara tatu mpaka nne kwa haraka zaidi, kwahiyo wenzetu wa Kyela wanapata shida kuliko sisi, na jua likilipiga dumu hata huku juu inakufa upesi. Ila kwa unga adui yetu mkubwa ni unyevu, na unyevu tunao. Usiku baridi, mchana bati linachemka, asubuhi ukungu, pipa lililo wazi linavuta unyevu kila siku inayopita. Tumepewa hali ya hewa nzuri ya kutunza hii dawa kuliko Dar, tunaiharibu kwa uzembe wa mfuniko!

Kwa mnaonunua, njia ninayotumia mimi kuwaumbua ni hii. Pima gramu 1 ya unga kwenye mizani ya sonara, weka kwenye lita 20 za maji masafi yasiyo na klorini, koroga mpaka iyeyuke. Chota lita 1 ya hayo maji umimine kwenye ndoo yenye lita 9. Sasa pima na kipimo chako cha bwawa. Unga wa asilimia 65 utasoma 3 na kidogo. Ukisoma 1 rudisha mzigo, dai risiti na dai hela yako. Fanyeni mbele yake dukani kama anakubali, asiyekubali mmeshamjua.

Na kemikali hizi zina sheria, muuzaji anatakiwa awe amesajiliwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ofisi ya kanda ipo hapahapa Mbeya. Mwombeni cheti chake. Hana, pelekeni taarifa, mimi hilo duka la Mwanjelwa naliandikia barua wiki hii.

Mwenye kujua duka la huku Nyanda za Juu Kusini linalouza ndoo iliyofungwa kiwandani, yenye lebo na tarehe, isiyopakuliwa, aweke hapa na bei yake. Kama ni Iringa au Makambako nitafuata hukohuko, kuliko kuendelea kununua hivi vimfuko.