Kuomba nafasi katika mradi wa programu huria nikiwa Mtwara: nianzie wapi?

Mwanafunzi wa Shangani
Ndugu zangu, salaam. Ninasoma mwaka wa pili, kwetu ni Mtwara, na ninakusudia kuomba nafasi katika Google Summer of Code, mpango wa Google unaowalipa posho wanaoanza kuchangia programu huria (zile ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayoziunda, uko wazi kwa wote), na ambao tangu 2022 unawapokea hata wasio wanafunzi ilimradi wametimiza miaka 18. Python, lugha ya kuandikia programu, ninaifahamu kiasi. Nimechagua LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, kwa sababu ndiyo ninayoitumia kila siku, lakini kila ninapopakua msimbo wake kwa kifurushi cha simu, kazi hukatika na kuanza upya. Juzi ilifika asilimia 61, mtandao ukapotea, na kifurushi cha wiki nzima kikaishia hapo. Kompyuta yangu, iliyonunuliwa kwa fedha za korosho za baba, ina kumbukumbu ya GB 4. Je, niandike kwanza andiko la maombi, haya mengine yasubiri?

Fundi wa Lindi
Mdogo wangu, pole kwa kifurushi. Git, chombo cha kunakili msimbo na kutunza historia yake, haiwezi kuendeleza unakili wa kwanza uliokatika, kwa hiyo usirudie amri ileile. Tumia "git clone --depth 1", ambayo huleta mafaili yalivyo sasa bila historia yote ya nyuma. Historia utaiongeza kidogo kidogo kwa "git fetch --deepen=100". Hata hivyo, kikwazo kikubwa kiko mbele yako: LibreOffice kwa sehemu kubwa imeandikwa kwa C++, lugha nyingine ya programu, na kuijenga (kuugeuza msimbo kuwa programu inayotumika) kwenye mashine ya GB 4 ni kazi ya kukesha. Tazama mradi wa Python kama Django, wa kutengenezea tovuti, ambao majaribio yake ya kukagua msimbo huendeshwa kwa SQLite, hifadhidata ndogo, bila kusimika seva ya hifadhidata.

Andiko liache kwanza. Tafuta hitilafu ndogo, hakikisha inatokea kwenye mashine yako, kisha uliza mbele ya wote pale wanapozungumzia mradi, si kwa ujumbe wa faragha kwa mlezi mmoja (mzoefu wa mradi anayewaongoza wageni). Mimi nilianza na sentensi moja iliyokosewa katika mwongozo, nayo ilirudishwa mara tatu, ya mwisho ikiwa ni kwa sababu ya nafasi tupu mwishoni mwa mstari.

Bi Mikindani
Mbona hukumtajia kazi ya kutafsiri programu kwa Kiswahili, kaka? Haihitaji kujenga chochote.

Fundi wa Lindi
Dada, tafsiri ninaithamini na nimeifanya, ila mpango huu hulipia kazi ya kuandika msimbo tu. Itamsaidia kuuzoea mradi, haitamwombea nafasi.

Bi Mikindani
Nimekuelewa. Basi mwanangu, angalia kalenda. Kazi huanza mwishoni mwa Mei au mapema Juni, na mitihani ya vyuo vyetu vingi huangukia Julai. Zitaje wiki hizo waziwazi katika andiko lako, na uchague mradi wa saa 90 au 175 badala ya ule wa saa 350. Posho hutolewa baada ya tathmini ya kati na ya mwisho, kwa hiyo ukipotea mwezi mzima bila taarifa, unajiponza mwenyewe.

Mwanafunzi wa Shangani
Shikamoo mama, na asante kaka. Jana saa tano usiku nimenakili Django kwa amri hiyo, ikakamilika bila kukatika. Majaribio yameendeshwa, mawili yamefeli, na sasa ninasoma ujumbe wa kosa la kwanza kabla sijauliza mtu.