Dawa ya boila haifiki mwisho wa bomba la mvuke

Swali: Wakuu, boila yetu ni ya baa 10 na tunatia mofolini, dawa ya kukinga mabomba na asidi, kwenye maji ya kulisha. Kondenseti (maji ya mvuke uliopoa) karibu na boila ina pH 8.8, lakini kwenye trapu (vali ya kutolea maji hayo) ya mwisho, mita 300 mbele, ni 6.1 na bomba linatoboka. Niongeze dozi?

Jibu: Usiongeze, mkuu. Uwiano wa mofolini kati ya mvuke na maji ni kama 0.4, hivyo hushuka na matone ya kwanza. Saikloheksilamini, dawa nyingine ya aina hiyo, ni kama 4. Hiyo husafiri mbali, ila mwanzo wa bomba hubaki bila kinga. Changanya zote mbili, pima sehemu tatu, lenga 8.5 hadi 9. Poza sampuli kabla haijagusa hewa, la sivyo kaboni dioksidi inatoroka na pH inakudanganya.

Jibu: Kaboni dioksidi hiyo ndiyo inayotia asidi kondenseti, na inatokana na bikaboneti, chumvi zilizo kwenye maji yenu. Zipunguze kwanza, dawa itatosha. Salfaiti na fosfeti, dawa nyingine za maji ya boila, hazipandi na mvuke. Ukizikuta kwenye kondenseti, boila inarusha maji yake ndani ya mvuke.

Jibu: Mvuke unagusa chakula? Kanuni za Marekani huruhusu mofolini na saikloheksilamini, kila moja isizidi 10 ppm (sehemu 10 kwa milioni) kwenye mvuke. Kwenye maziwa, hapana kabisa.