Mtoto akiandika "mtele", amekosea?

BintiAmu: Assalam alaykum jamaa wa Amu (Lamu) na Malindi. Mwanangu wa gredi ya tatu amerudi na daftari lake la Kiswahili. Ameandika "Mama apika mtele". Mwalimu amelikata neno kwa wino mwekundu, juu yake ameandika "mchele". Mwalimu si wa huku, simlaumu. Linaloniuma ni kwamba mimi mwenyewe nilimkalisha nikamwandikisha "mchele" mara kumi, na nyumbani sijapata kulitamka neno hilo. Binamu yangu wa chuo akaniambia hiyo ndiyo hegemonia: mwenye nguvu hana haja ya kiboko, maana wewe ushamkubalia kwamba lake ndilo sawa. Tudai watoto wetu wafundishwe kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, madarasa ya chini, au tuache?

FundiSarufi: Dada, tuanze na sentensi. Mchele haupikwi. Kinachopikwa ni wali. Mwalimu alikuwa na haki ya kukata maneno mawili.

BintiAmu: Katika yote niliyoeleza, hilo ndilo uliloliona?

MamaLangoni: Fundi, umewahi kupika wewe? Kwenye shughuli tukiulizwa umepikwa mchele kiasi gani, twajibu kilo hamsini. Nani anasema wali kilo hamsini?

FundiSarufi: Hicho ni kipimo, Mama. Kipimo hufuata kinachopimwa kabla ya moto. Baada ya moto jina hubadilika.

MamaLangoni: Na ugali je? Husongwa unga, lakini kila mtu asema "songa ugali". Mbona huko moto haukubadilisha kitu?

Dau_la_Mokowe: Waacheni wali wao. Mtoto atafanya mtihani na karatasi haitakuwa na Kiamu. Tunawaheshimu wazee, lakini Kiamu hakilipi hata nauli ya boti kutoka hapa mpaka Mokowe. Serikali ilipopata uhuru ilichagua lugha moja ituunganishe, na tumeungana. Mnataka turudi kwenye mitaa?

MwalimuMstaafu: Mwanangu Dau, "hakilipi" ni neno zito kumwambia mtu juu ya lugha ya mama yake. Mwaka 1858 Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake utendi ambao mpaka leo husomwa vyuo vikuu, na hakuutunga kwa Kiunguja. Kisha umekosea tarehe. Haikuwa serikali ya uhuru. Waingereza ndio waliokutana Mombasa mwaka 1928 wakaamua Kiunguja kiwe msingi wa vitabu vya shule, na kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Wamisionari wa Mombasa walikitetea Kimvita, lahaja ya mji huo, wakashindwa. Kiunguja kilikuwa kimeshasafiri na misafara ya biashara mpaka bara, na wamisionari wa Unguja walikuwa na kamusi na vitabu vya sarufi tayari. Haikuwa kwa sababu "mchele" ni neno safi kuliko "mtele". Ulikuwa uamuzi wa ofisi.

Dau_la_Mokowe: Sawa mwalimu, tarehe nimeikubali. Nauli ya boti hujaijibu.

Malindi_Kwetu: Mimi nina langu. Hilo neno lenyewe "hegemonia" si la Mtaliano? Huku Malindi tumewajua. Kuna vijana ufukweni wanaokwambia "ciao" kabla ya kukupa salamu ya kwao. Sasa hata neno la kulalamikia nalo tukaazime kwao?

BinamuWaChuo: Ni mimi niliyelisema. Neno asili yake ni la Kigiriki, ila aliyelipa maana hii ni Antonio Gramsci. Alizaliwa mwaka 1891 Sardinia, kisiwa cha Italia chenye lugha yake, na lugha hiyo ilionekana duni mbele ya Kitaliano cha shule. Alipofika Turin alisomea isimu. Mwaka 1926 serikali ya Mussolini ikamfunga, na madaftari yake aliyaandika gerezani. Akafa mwaka 1937. Alichojiuliza ni kwa nini wanyonge humfuata mwenye nguvu hata pale asipowapiga. Akatazama shule, dini, magazeti, na lugha pia. Alikuwa mtu wa kisiwa aliyetakiwa aseme kama watu wa bara. Kaka, kama huyo si jirani yetu, ni nani?

Malindi_Kwetu: Usinifundishe jirani yangu ni nani, mimi ndiye naamka nao kila siku. Nyinyi mnapigana na Unguja huku Kiingereza kimewakalia vichwani. Mzee wangu alipelekewa barua ya shamba lake kwa Kiingereza, akatembea nayo siku mbili kumtafuta wa kumsomea. Hapo mtele na mchele wote wako nje ya mlango.

MamaLangoni: Hilo la barua ni kweli, pole sana. Lakini huyo mtoto wa gredi ya tatu hakuandika barua ya shamba.

MbajuniWaFaza: Nimesoma yote nikawa siwezi kunyamaza. Waamu leo mnalia mmedharauliwa. Nyanyangu alikuwa akija Amu kuuza samaki mkavu. Sisi kwetu tatu ni "chachu". Kila akitaja bei watoto wa mji walimfuata nyuma, "chachu, chachu", na watu wazima wa barazani wakicheka. Mwishowe akawa hataji. Anamwonyesha mnunuzi vidole vitatu, basi. Hiyo nayo mwaiitaje?

BintiAmu: Ndugu yangu, watoto ni watoto. Hakuna mzee wa Amu aliyemkataza nyanya yako kusema.

MbajuniWaFaza: Na wewe nani alikukataza "mtele"? Si umesema hapo juu hakukuwa na kiboko?

Dau_la_Mokowe: Hapo amekushika, dada.

MwalimuMstaafu: Mbajuni asema kweli, na mimi niliyezaliwa Mkomani, mtaa wa wakubwa wa Amu, nakiri. Nyumba zetu za mawe zilijiona ndizo Uswahili wenyewe. Hata huo ubwana wa Unguja, wazee wetu ndio waliouita. Baada ya vita vya Shela, mwanzoni mwa miaka ya 1810, Amu iliwashinda Pate na Wamazrui waliotawala Mombasa, kisha kwa kuhofia kulipiziwa ikaomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, ambaye baadaye alihamia Unguja. Hakuna aliyetulazimisha kuomba.

MamaLangoni: Si Waamu wote, mwalimu. Habib Saleh, mwanachuoni wa dini, alikuja kutoka Ngazija ya Komoro akakaa na sisi watu wa chini, akawasomesha hata waliokuwa watumwa na watoto wao, waliofungiwa elimu na wakubwa. Wakubwa walimchukia kwa hilo. Leo msikiti wake wa Riyadha uko Langoni, na wakati wa maulidi wajukuu wa wale wakubwa huja kukaa chini pamoja nasi.

BinamuWaChuo: Hili lingemfurahisha Gramsci, kwa kuwa aliamini elimu ya mtu wa chini ndiyo…

Malindi_Kwetu: Mwache Habib Saleh. Hakumhitaji Gramsci.

BintiAmu: Nimekwenda kulitazama daftari tena. Nilikosea kuwaandikia. Mtoto hakuandika "apika". Ameandika "Mama apeta mtele". Alinitazama nikipeta uani. Wino mwekundu uko juu ya "mtele" tu.

FundiSarufi: Kama ni kupeta, basi sentensi haina kosa. Namwomba radhi mtoto. Ila mtihani utataka "mchele".

BintiAmu: Jumatatu naenda shuleni na daftari. Mbajuni, nisamehe kwa lile la "watoto ni watoto". Nyanya akishaonyesha vidole, alikuwa akisema nini?

MbajuniWaFaza: Hakusema kitu. Alishika kitanga cha mizani mpaka alipwe.